Juu ya Mstari na Mizani katika Mashairi ya Siku Hizi



Twaomba kuanza na jambo dogo lililotokea Rubaya, katika milima ya Masisi. Ilikuwa siku ya kuwaombea marehemu. Kijana mmoja alifika sakristia mbele ya Misa na karatasi mkononi. Baba yake alikuwa mchimbaji wa koltani, na udongo ulikuwa umemfunika pamoja na wenzake. Kijana aliomba ruhusa ya kusoma maneno yake mbele ya watu baada ya Komunio. Maneno yenyewe ni haya, nasi tunayaandika kwa ruhusa yake:

Mlima umefunga kinywa.
Baba yangu yumo ndani.
Tunaita.
Mlima haujibu,
nasi tunaita.

Katekista mzee, mtu wa sala na mwenye haki, aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha kwa upole. Akasema: «Mwanangu, maneno yako yanaingia moyoni, lakini hili si shairi. Halina vina, halina mizani. Mbele ya Altare hatusomi kitu kisicho na umbo.» Kijana akajibu: «Baba, nilipokuwa naandika sikuhesabu. Nilikata maneno pale niliposhindwa kuvuta pumzi.»

Tulikuwapo, nasi tuliulizwa shauri. Hatukupenda kumwaibisha mzee, wala kumfukuza kijana na kilio chake. Tena tuliona kwamba kila mmoja wao ana neno la kweli. Mzee anasema: pasipo kipimo hakuna shairi. Kijana anasema: pumzi nayo ni kipimo. Kusudi tuweze kuwajibu, yatupasa kuuliza namna gani watu wa zamani na wa sasa wamepima mistari yao: katika nchi yetu, katika Ekleziya, na katika lugha hii ya Kiswahili tunayosali nayo.

Jambo hili si mchezo wa darasani tu. Mji wa Rubaya unajulikana duniani kwa madini yake, lakini wenyewe wanaujua kwa makaburi yake. Watu wamekimbia vita mara nyingi. Mwezi wa nne mwaka 2024 waasi wa M23 waliuteka mji. Watu wa namna hii wana mengi ya kulilia, nao watayalilia kwa maneno. Je, tutayapokea maneno yao kanisani, ao tutayaacha nje ya mlango kwa sababu hatukujua kuyapima?

I. Mizani ya Kiswahili

Kila mtu wa Rubaya anajua mizani ni kitu gani. Gunia la madini linawekwa juu ya mizani, na uzito wake unatoa bei. Washairi wa pwani walichukua neno hili la sokoni wakalitia katika utungaji: mizani moja ni silabi moja, na mstari ni mzigo unaopaswa kuwa na uzito sawa na mwenzake.

Katika utenzi, kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja. Kipande cha nne kina kina chake, kinachorudi katika mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi wote umalizike. Tutunge ubeti mmoja wa mfano, juu ya mambo yale yale ya kijana:

Rubaya mji wa juu,
wachimbaji kwa miguu
hawajapata nafuu;
Bwana, uwahurumie.

Wanafunzi wahesabu kwa vidole: Ru-ba-ya-m-ji-wa-ju-u, silabi 8. Waangalie kwamba herufi «m» ya «mji» inahesabiwa peke yake, na kwamba neno «juu» lina mizani 2, si 1. Shairi la kawaida ni pana zaidi: mistari minne, kila mmoja una mizani 16, nayo imegawanyika nusu kwa nusu, 8 na 8, pamoja na kina cha kati na kina cha mwisho.

Desturi hiyo ni ya miaka mingi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, umekwisha kushika kipimo cha utenzi kwa ukamilifu. Lakini kwa muda mrefu sheria zilikaa katika masikio ya watunzi. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake «Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri». Huyu alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kongo. Kitabu chake kilifundisha watu wengi, hata wasiozaliwa pwani, namna ya kuhesabu mizani na kupanga vina.

Na sisi Wakatoliki tusisahau jina la Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo, Tanganyika. Alifariki mwaka 1969. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, kama kisivyo lugha ya mama za wengi wetu. Hata hivyo aliishika mizani ya pwani akaitumia kwa imani yake: alitunga «Utenzi wa Enjili Takatifu», uliotoka mwaka 1963, na «Utenzi wa Zaburi», uliotoka mwaka 1965.

Hapa Kivu Kiswahili kilifika kwa njia nyingine: kwa wafanya biashara, kwa askari, kwa misioni na kwa kazi. Lugha ilifika mbele, mizani ikabaki nyuma. Wengi wetu tulijifunza kusali, kuungama na kuhubiri kwa Kiswahili bila kusikia hata siku moja utenzi ukisomwa. Basi mzee katekista, aliyejifunza mizani kwa kitabu, aliihesabu kuwa hazina. Hakukosa. Lakini je, ni hazina ya pekee?

II. Kipimo cha Walikale na kipimo cha malishoni

Tushuke kutoka Masisi tuingie msituni, upande wa Walikale, kwa Wanyanga. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza huko bwana Candi Rureke, aliyejua masimulizi makubwa ya Mwindo. Kwa muda wa siku 12 Rureke aliimba, akasimulia, akacheza, akaigiza, huku wasaidizi wake wakipiga vijiti na kuitikia. Maneno yake yalitolewa katika kitabu mwaka 1969, na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe, aliyekuwa mtaalamu wa lugha.

Sasa angalieni shida ya waandishi hao. Rureke hakuhesabu silabi. Je, maneno yake yapangwe katika mistari, ao yajazwe katika ukurasa kama habari? Katika kitabu, nyimbo zilipangwa kwa mistari, na masimulizi yakapangwa kwa mafungu marefu. Lakini mtu aliyekaa mbele ya msimuliaji anajua kwamba hata pale asipoimba kuna kipimo: anasema neno, ananyamaza, vijiti vinapigwa, watu wanaitikia, kisha anaendelea. Mwaka 1972 mwanachuoni wa Marekani, Dennis Tedlock, alitoa masimulizi ya Wazuni, Wahindi wa nchi yake, akafanya hivi: kila msimuliaji aliponyamaza, yeye alikata mstari. Ukurasa ukaanza kuonyesha kimya pamoja na sauti.

Twashika fundisho la kwanza: kuna mstari unaopimwa kwa pumzi na kwa kimya. Hauna idadi moja ya silabi, lakini hauna ovyo. Msimuliaji akinyamaza pahali pabaya, waitikiaji wanapotea, na wasikilizaji wanajua.

Turudi sasa katika majani ya Masisi, pahali pa ng'ombe. Wengi wa wakaaji wake wanasema Kinyarwanda. Baadhi ya mababa zao waliletwa na serikali ya Wabelgiji katika mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda, ulioanza mwaka 1937 na kumalizika mwaka 1955. Wachungaji wa Rwanda wana mashairi ya kusifu ng'ombe, nayo yana kipimo kilichofichika sana. Padri Alexis Kagame, aliyepewa daraja ya upadri mwaka 1941 na kufariki mwaka 1981, alitumia maisha yake kuandika na kueleza mashairi ya nchi yake. Yeye, na wanachuoni waliomfuata, walionyesha kwamba mshairi wa ng'ombe hahesabu silabi tu, anahesabu urefu wake. Silabi fupi ina uzito wa 1, silabi ndefu ina uzito wa 2. Mistari miwili inaweza kuwa na silabi zisizolingana, lakini ikilingana uzito sikio la mchungaji linaikubali.

Mtu asidhani ni jambo la ajabu. Mswahili anapohesabu «juu» kuwa 2 anakaribia hesabu hiyo hiyo. Na kila mseminari aliyesoma Virgilius amekwisha kukutana nayo, kwa sababu Walatini wa kale nao walipima mistari kwa silabi fupi na ndefu. Kumbe mchungaji asiyejua kusoma, akiimbia ng'ombe wake katika ukungu wa asubuhi, alikuwa na sanaa ya jamaa moja na ile tuliyotolea jasho darasani!

Padri Kagame hakuacha kipimo hicho kwa ng'ombe tu. Alikitwaa akatunga utenzi mrefu sana wa kumsifu Mwumba wa vitu vyote, «Umulirimbyi wa Nyili-ibiremwa», ambao sehemu yake ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1952 kwa jina la «La Divine Pastorale». Alifanya kwa Kinyarwanda kama Mnyampala alivyofanya kwa Kiswahili: kila mmoja alichukua kipimo cha baba zake na kukipeleka mbele ya Altare.

III. Ambrosio na Augustino

Tuulize sasa Ekleziya yenyewe. Mwaka 386, mjini Milano, mama wa mfalme, jina lake Yustina, alitaka kulinyang'anya kanisa moja kwa ajili ya Waariani. Wakristu wakajifungia ndani pamoja na askofu wao Ambrosio, na askari wakawazunguka. Mtakatifu Augustino anasimulia katika «Maungamo» yake kwamba wakati ule ndipo ilipoanzishwa huko desturi ya kuimba nyimbo na zaburi kama kwa watu wa Mashariki, kusudi watu wasizimie kwa huzuni na uchovu. Nyimbo zile zilianza kati ya watu waliozungukwa na silaha. Watu wa Masisi watalielewa hilo pasipo maelezo.

Na Ambrosio aliwatungia watu wake kipimo gani? Beti 8, kila ubeti mistari 4, kila mstari silabi 8. Vipande 4 vya silabi 8: ni hesabu ile ile ya utenzi wetu! Hatusemi kwamba mmoja alimwiga mwingine, maana Ambrosio alipanga pia silabi fupi na ndefu kwa desturi ya Kilatini, tena hakutumia vina kwa sheria. Twasema hivi tu: silabi 8 zinatoka vizuri katika pumzi moja, na mistari 4 inakaa vizuri katika kichwa cha mtu asiye na kitabu. Kwa sababu hiyo watu wa Milano na watu wa Pate walifika pahali pamoja kwa njia mbalimbali.

Miaka michache baadaye, karibu na mwaka 393, Augustino, aliyekuwa bado padri katika Hippo, alitaka kuwafundisha wakristu wadogo juu ya mafarakano ya Wadonati. Akatunga zaburi ya kuimbwa na watu wote: beti zikifuatana kwa alfabeti, na kiitikio kati ya ubeti na ubeti. Mstari wake una silabi 16, umegawanyika katikati, 8 na 8, na kila mstari unaishia kwa sauti moja. Mzee wetu katekista angeuona, angesema: «Hili ndilo shairi!» Lakini jambo kubwa ni hili: katika mistari hiyo Augustino aliacha sheria ya silabi fupi na ndefu. Si kwa kutoijua. Yeye alikuwa mwalimu wa ufasaha, naye aliandika vitabu sita juu ya musiki na vipimo. Katika uzee wake alieleza sababu: hakutaka sheria ile imlazimishe kutumia maneno ambayo watu wa chini hawakuyazoea.

Tulikumbuke neno hilo, maana tutalikuta tena. Mtakatifu, Mwafrika, mwalimu wa Ekleziya, alivunja sheria ya mashairi ya wakati wake kwa ajili ya upendo. Wajuzi wa siku zile wangeweza kumwambia: hili si shairi. Naye asingebisha, haja yake ilikuwa watu waimbe na kuelewa.

IV. Zaburi hazina mizani?

Lakini shahidi mkubwa kuliko wote yumo mkononi mwetu kila siku, katika brevyari. Zaburi za Waebrania hazina kina, wala hazina idadi moja ya silabi. Mwaka 1753 Mwingereza Robert Lowth alitoa masomo yake aliyofundisha Oxford, akaeleza sheria yao: sehemu ya pili inaijibu sehemu ya kwanza. Mara inarudia wazo lile lile kwa maneno mengine. Mara inaligeuza kinyume. Mara inalipeleka mbele. Ni kama miguu miwili: mmoja unakanyaga, wa pili unafuata. Ndiyo maana kitabu chetu kinatia nyota katikati ya aya, nasi katika koro tunasimama kidogo penye nyota hiyo. Kimya kile ni sehemu ya shairi, si nafasi ya kukohoa.

Kipimo cha mawazo kina neema yake: kinapita katika kila lugha. Ukitafsiri utenzi kwa Kifaransa, mizani na vina vinapotea vyote. Ukitafsiri zaburi kwa Kihunde, kwa Kinande, kwa Kiswahili, miguu miwili inabaki. Na anayeigeuza zaburi kuwa utenzi anapata kitu na kupoteza kitu: anapata kumbukumbu, kwa sababu vina vinashika maneno kama misumari; lakini asipoangalia, anapoteza kile kimya cha kati ambamo moyo unajibu.

Mwaka 1953 padri Mjezuiti Joseph Gelineau alitoa zaburi za Kifaransa kwa njia nyingine tena: hakuhesabu silabi zote, alihesabu zile zinazotiwa nguvu ya sauti, nyingine zikapita katikati bila kulipa kodi. Waongozi wa kwaya wangefaidika kulifikiri jambo hili. Katika Kiswahili nguvu ya sauti huangukia silabi ya pili toka mwisho: ba-BA hapana, BA-ba ndiyo; tu-na-I-ta. Mara ngapi tumechukua wimbo wa Ulaya, tukatia ndani yake maneno yetu yenye idadi sawa ya silabi, halafu pigo kubwa la wimbo likaangukia silabi ya mwisho! Hesabu ni kamili, lakini masikio ya watu yanaumia. Na katika lugha zenye kupanda na kushuka kwa sauti ni vibaya zaidi: kwa Kinyarwanda «umusambi» ni mkeka na «umusambi» ni korongo, maandiko ni mamoja, sauti ndiyo inayowatenga. Konsilio ya Vatikano ya Pili, katika Konstitusio juu ya Liturjia ya tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 1963, ilitaka musiki ya watu wa nchi za misioni ipewe heshima yake. Heshima hiyo yaanza kwa kusikia vema neno lenyewe.

V. Mashairi ya siku hizi

Sasa twaweza kuwafahamu watunzi wa siku hizi bila kushtuka. Kwa karne nyingi Wafaransa walitumia mstari wa silabi 12, umekatwa 6 na 6. Katika karne ya 19 washairi wakaanza kuona kama wamefungwa. Huko Marekani Walt Whitman alitoa mwaka 1855 kitabu chenye mistari mirefu isiyo na kipimo cha kuhesabu, inayofanana na aya za Biblia. Ufaransa, Gustave Kahn alitoa mwaka 1887 mashairi ya mstari huru. Kisha akaja Paul Claudel, aliyeongoka siku ya Noeli ya mwaka 1886 katika kanisa la Notre-Dame, Paris. Katika «Cinq grandes odes» za mwaka 1910, mstari wake ni pumzi: unafika pale kifua kinapofika. Mkatoliki huyo hakutafuta uhuru wa kutupa desturi. Alirudi katika desturi iliyo kongwe zaidi, ile ya zaburi. Léopold Sédar Senghor, aliyewahi kuwa mseminari Dakar, alifuata njia iliyo karibu na hiyo. Na ni Senghor aliyeandika dibaji ya «Esanzo», mashairi ya Mkongo wetu Antoine-Roger Bolamba, yaliyotoka Paris mwaka 1955, yenye mistari huru.

Katika Kiswahili mabishano yalifika baadaye, nayo yalikuwa makali. Aliyeyawasha zaidi alikuwa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe. Waseminari wajue kwamba alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, mbele ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 alitoa «Kichomi», mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba alitaka kusema kwa lugha ya kawaida, ile ya watu katika maongezi yao ya kila siku. Je, hatukusikia neno kama hili mahali pengine? Ni jamaa ya neno la Augustino. Wapo waliomjibu kwamba pasipo vina na mizani hakuna shairi la Kiswahili. Yeye aliendelea: «Karibu Ndani» mwaka 1988, «Dhifa» mwaka 2008. Alifariki mwezi wa kwanza mwaka 2020, na mashairi huru yamekwisha kuingia katika masomo ya shule.

Lakini haki itolewe kwa upande wa pili pia. Mtu asiseme kwamba vina na mizani ni pambo la watu walioshiba, na kwamba maumivu hayawezi kuhesabu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa gerezani kwa ajili ya siasa kutoka mwaka 1969 mpaka 1972. Humo ndani, kwa siri, alitunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la «Sauti ya Dhiki», nayo yameshika sheria za zamani. Yaonekana kwamba kwa mtu aliyefungwa, kipimo kinaweza kuwa fimbo ya kutegemea: kitu kimoja kilicho imara pale ambapo vingine vyote vimechukuliwa.

Basi tusiwagombanishe. Kuna kilio kinachotaka fimbo, na kuna kilio kinachotaka nafasi.

VI. Turudi sakristia

Na karatasi ya kijana? Tuliiweka mezani, tukamwomba mzee aihesabu pamoja nasi. Silabi 9, 8, 4, 7, 6. «Mwaona,» akasema, «haina mizani.» Tukamwomba aangalie tena. Mstari wa pili, «Baba yangu yumo ndani», ni kipande kamili cha utenzi, silabi 8. Mstari wa tatu, «Tunaita», ni silabi 4: nusu ya kipande. Nusu ya pili iko wapi? Ni kimya. Pale ndipo mlima ungepaswa kujibu, nao hakujibu mtu. Kijana hakuhesabu kwa vidole, lakini sikio lake lilihesabu.

Kisha tukaangalia miguu ya zaburi. «Mlima» unaanza mstari wa kwanza na wa nne. «Tunaita» inafunga wa tatu na wa tano. Mlima unanyamaza, watu wanaita. Mlima unanyamaza tena, watu wanaita tena. Neno la pili ni lile lile, lakini halina uzito ule ule: mara ya kwanza wanaita kwa kuwa wanatumaini kusikia, mara ya pili wanaita ingawa hawasikii. Zaburi ya 129 ya Vulgata inaita kutoka shimoni kwenda juu. Hii inaita kutoka juu kwenda shimoni. Zote mbili zinangoja.

Tukafanya jaribio la mwisho, ambalo twawashauri wasomaji walifanye kila mara. Tuliandika maneno yote katika mstari mmoja, kama habari ya gazeti: «Mlima umefunga kinywa, baba yangu yumo ndani, tunaita, mlima haujibu, nasi tunaita.» Mzee akasoma, akatikisa kichwa. Kitu kilikuwa kimepotea, naye alijua ni kitu gani. Kama kukata mistari kusingekuwa na kazi, kuiunganisha kusingepoteza neno.

Jaribio hilo linakata pande zote mbili. Vijana wengi wa siku hizi wanaandika habari ya kawaida, wanaikata vipande vipande kwa kupenda tu, wanasema ni shairi huru. Ukiiunganisha, hakuna kinachopotea. Basi hapakuwa na mstari. Wengine wanajaza mizani 16 kwa maneno matupu, kama mtu anayetia mawe katika gunia kusudi mizani ya mnunuzi ishuke. Uzito upo, madini hakuna. Makosa haya mawili ni ndugu. Augustino aliacha kipimo alichokijua. Kezilahabi alijua alichokiacha. Asiyejua kitu hawezi kukiacha. Yeye anakikosa tu.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. Kwanza, waseminari wajifunze mizani ya Kiswahili kama wanavyojifunza vipimo vya Kilatini, watunge tenzi, wahesabu kwa vidole bila haya. Kisha, kama wana sababu, watunge huru. Pili, makatekista na wasomaji waheshimu mwisho wa mstari wanaposoma zaburi: wasikimbie, wasiruke penye nyota. Tatu, mapadri na makatekista wanaokaa na wazee wa Kihunde, wa Kinyanga na wa Kinyarwanda wasikilize wanavyokata maneno, waandike wakingali hai. Vita imekwisha kuwafukuza wengi katika vijiji vyao, na wimbo usioandikwa unakimbia pamoja na mwenyewe.

Siku ile muda wa Misa ulikuwa umefika. Mzee alichukua karatasi, akaisoma tena, safari hii kwa sauti, polepole. Alipofika «Tunaita» akanyamaza, na sakristia yote ikanyamaza naye. Halafu akamrudishia kijana karatasi yake, akasema: «Utasoma baada ya Komunio, mwanangu. Lakini hapo katikati usiharakishe. Wape watu nafasi ya kungoja.»